Gari Ikigoma Asubuhi ya Baridi, Toa Mkono Kwenye Funguo Uisikilize

Ndugu zangu hamjambo, asanteni kwa kufika, naona wengine mmesimama huko mlangoni, ingieni jamani viti vipo huku mbele. Nimeombwa niongee kuhusu gari zinazogoma kuwaka wakati wa baridi na nimekubali haraka sana kwa sababu hii kitu inaniuma kweli. Mi ni fundi, nimeshika spana miaka mingi, na kila baridi ikianza simu yangu inalia hata jua halijatoka, na maneno ni yale yale, fundi gari imekufa. Namuuliza mtu ilianzaje, ananiambia sijui bwana, nimepiga stata weee mpaka imenyamaza. Hapo ndo roho inaniuma, maana gari nyingi ninazozikuta hivyo zilikuwa hazijafa, zilikuwa zinaongea, ila mwenyewe hakutulia asikie, akaendelea kukamua mpaka kile kidogo kilichobaki kwenye betri kikaisha chote, sasa hata mimi nikija nakuta kimya, hakuna cha kusikiliza tena.

Kwa hiyo ninalowaomba leo ni moja na mengine yote yanazunguka hapo hapo. Zungusha funguo mara moja, gari isipowaka toa mkono. Tulia. Umesikia nini?

Nauliza kweli, maana sauti haziko sawa. Kuna gari ukizungusha funguo inalia ka-ka-ka-ka-ka haraka haraka na taa za dashbodi zinachezacheza. Kuna inayogonga ko! mara moja, basi. Kuna inayozunguka kwa kujivuta, ruuu... ruuu... ruu, kama mzee anapanda mlima na mzigo kichwani. Kuna iliyo kimya kabisa hakuna hata taa. Na kuna ile inayozunguka vizuri, stata ina nguvu zake zote, lakini injini haishiki. Wenye gari hizi wote wakinipigia wananiambia kitu kimoja, gari haiwaki. Lakini ni magonjwa tofauti, na dawa ya huyu ukimpa yule unapoteza hela na muda na wakati mwingine unaharibu kilichokuwa kizima.

Tuanze na baridi yenyewe, inafanya nini. Betri ya gari, hii ya kawaida ya risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo kinachofanyika ndani ni kile kile, asidi inakutana na risasi ndo umeme unatoka. Ni kemia, na kemia ikipoa inakuwa nzito. Ile betri iliyokuwa inakupa nguvu zake zote siku za joto, ukifika nyuzi 0 imeshapungukiwa na sehemu kubwa, na ukishuka mpaka -18 inayobaki ni kama nusu au chini ya hapo. Hapo naongelea betri nzima, sio hiyo yako ya miaka sita. Na wakati betri inapungukiwa, injini nayo inadai zaidi, kwa sababu oili imeganda na kila kitu ndani kinakwama kwama. Yaani siku mfuko umetoboka ndo siku hiyo hiyo mdai anabisha hodi.

Halafu kuna jambo watu wengi wanalikosea, naomba mnisikilize vizuri hapa. Mtu anasema baridi imeniulia betri. Hapana. Kinachoiua betri zaidi ni joto, joto linakula zile sahani za ndani na linakausha maji, sasa betri inaumia kimya kimya miezi yote ya joto na hujui chochote kwa sababu injini ikiwa na joto inadai kidogo na betri bado inatoa hicho kidogo. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali ndo inaanikwa. Kwa hiyo muda wa kupima betri ni kabla baridi haijaingia, wakati gari bado inawaka vizuri na unaona kama unajisumbua.

Kupima sio uchawi. Multimita, kile kipimo cha umeme, ndogo ya kawaida inatosha. Gari ilale usiku mzima, asubuhi kabla hujagusa funguo weka nyaya kwenye betri, nyekundu kwa chanya nyeusi kwa hasi. Ukisoma volti 12.6 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, chini ya hapo usitegemee miujiza kwenye baridi. Halafu mwambie mtu apige stata wewe ukiangalia namba, inashuka, lazima ishuke, lakini ikiporomoka chini ya 9.6 na betri ulikuta imejaa basi hiyo betri imechoka, ina volti lakini haina nguvu. Hii ndo inawachanganya wengi, wanapima wanaona 12.5 wanasema betri nzima kabisa, kumbe ni kama mtu mwenye mwili mkubwa halafu hana pumzi, ukimwambia kimbia anakaa chini. Na gari ikishawaka soma tena, inatakiwa iwe 13.8 mpaka 14.7 hivi. Ukiona bado imebaki kwenye 12 basi oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, sasa hata ukinunua betri mpya leo kesho utanipigia tena.

Wanaonunua betri mpya, kwenye kibandiko kuna namba imeandikwa CCA. Wengi hawaiangalii, wanaangalia bei na ukubwa kama inaingia kwenye nafasi yake. Hiyo CCA ndo namba ya baridi, inakwambia betri ikiwa mpya inaweza kutoa ampia ngapi kwa sekunde 30 kwenye nyuzi -18 bila kushuka chini ya volti 7.2. Angalia kitabu cha gari kinataka ngapi, usiende chini ya hapo. Dizeli inataka kubwa zaidi kuliko petroli.

Sasa turudi kwenye sauti. Ile ka-ka-ka-ka ya haraka haraka maana yake umeme upo lakini hautoshi, ile rele ya stata, yaani swichi yake, inashika, betri inazidiwa, inaachia, inashika tena. Watu wakiisikia wanakimbilia betri, na mara nyingi ni betri kweli, lakini kabla hujainunua naomba ufungue boneti uangalie kichwa cha betri. Hapa nataka tukae kidogo, maana hiki kitu kidogo kimewalia watu hela nyingi.

Taminali, hicho kichwa waya unapofungwa, ikianza kuoza utaona unga mweupe umeota pale kwenye shingo, mwingine wa bluu au kijani, mlaini kama ukungu, ukiugusa unameguka na vidole vinawasha kwa hiyo usiuguse. Lakini huo unaouona kwa nje sio unaokuumiza. Fungua ile klampu inayobana waya, ivue, angalia kwa ndani pale risasi inapogusana na risasi. Utakuta pameweka utando mweusi au wa kijivu mwembamba sana, mwembamba kama karatasi, na huo ndo unaozuia umeme. Taa zitawaka, redio italia, kwa sababu zinavuta kidogo. Stata ya gari ndogo inavuta ampia 100 mpaka 200, kwenye baridi zaidi, na huo utando hauruhusu. Toa hasi kwanza halafu chanya, mwagia maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa bekingi soda, utaona povu linachemka, acha litulie, suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae, rudisha chanya kwanza halafu hasi, kaza. Ukishakaza shika klampu kwa mkono jaribu kuizungusha, ikicheza hujakaza. Pakaa grisi juu. Vaa glavu na miwani, hiyo ni asidi haina urafiki na mtu.

Niwape kisa. Alikuja mzee mmoja na pikapu, kila asubuhi ya baridi inagonga ko! halafu kimya, mchana ikipata jua inawaka bila shida. Alikuwa ameshabadilishiwa betri. Haikupona. Akabadilishiwa stata, nzima, mpya. Haikupona. Akaambiwa sasa tufungue injini. Alipofika kwangu alikuwa amekata tamaa, anaongea taratibu kama mtu aliyetoka msibani. Nikaweka multimita waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini chenyewe, nikamwambia mzee wangu piga stata. Inatakiwa usome karibu na sifuri, ikizidi sana 0.3 hivi. Nikasoma zaidi ya volti 2. Nikaingia chini na tochi. Kuna ule waya wa ethi unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, mpana kama mkanda, ulikuwa umeoza pale kwenye bolti mpaka umebaki nyuzi chache za shaba zimegeuka kijani. Mchana injini ikiwa laini stata inavuta kidogo, hizo nyuzi chache zinatosha, asubuhi inavuta sana hazitoshi, basi. Waya mmoja. Mzee alikaa kwenye ndoo pale gereji akaushika ule waya mkononi akiuangalia muda mrefu hajasema kitu.

Ndo maana nasema sauti isikilizwe. Ko! moja na taa zinabaki na mwanga wake, uko kwenye stata yenyewe au nyaya zake. Ko! moja na taa zinafifia kabisa, uko kwenye betri, taminali au injini yenyewe imekaza. Angalieni taa za dashbodi wakati mnapiga stata, hizo taa zinasema mengi, na usiku au alfajiri ndo zinaonekana vizuri zaidi.

Ile ya kujivuta, ruuu... ruuu, ni betri dhaifu au ni oili. Na hapa nimekuja na chupa mbili, hizi hapa, nililaza nje usiku kucha na usiku wa leo mmeusikia wenyewe ulivyokuwa. Hii ya kushoto ni 20W-50. Hii ya kulia ni 5W-30. Nazipindua pamoja, angalieni. Mmeona? Hii ya kulia imeshafika mdomoni, hii nyingine ndo kwanza inajikusanya, inavutika kama asali. Sasa fikirieni hiyo ndo imekaa kwenye ringi na kwenye bearing za injini yako na unaiambia stata izungushe. Zamani gari ziliwashwa kwa hendeli kwa mbele, mtu alikuwa anausikia huo uzito kwenye bega lake, na hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu ilivunja watu mikono, mpaka Charles Kettering alipotengeneza stata ya umeme na Cadillac wakaiweka kwenye gari zao za 1912. Tangu hapo uzito anausikia stata na betri, sisi tumekaa kwenye kiti hatusikii kitu, ndo tunadhani kukamua ni bure.

Ile herufi W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake ikiwa ndogo oili inabaki nyepesi kwenye baridi. 20W inapimwa kuzungusha kwenye nyuzi -15, 10W kwenye -25, 5W kwenye -30, 0W kwenye -35. Kuna watu wanaamini oili nzito ndo inalinda injini, na kwa injini iliyochoka sana kwenye joto naelewa kwa nini, lakini kwenye baridi oili nzito inachelewa kupanda juu na hizo sekunde za mwanzo chuma kinasuguana na chuma. Fuateni kitabu cha gari yenu, sio jirani.

Kaka mmoja hapa kaniuliza kabla hatujaanza, apige stata muda gani. Sekunde 10, usizidi. Halafu subiri dakika nzima, dakika kweli ya saa, sio ya hasira. Stata ikizunguka muda mrefu inachemka mpaka waya zake za ndani zinaungua, na betri ikipumzika kidogo inajikusanya, utashangaa jaribio la pili lina nguvu kuliko mwisho wa lile la kwanza. Na kabla ya kupiga zima kila kitu, taa, redio, feni ya hita, hita ya kioo cha nyuma, vyote. Gari ya manyuo kanyaga klachi mpaka chini hata kama iko nyutro, maana usipokanyaga stata inazungusha na gia ambazo nazo ziko kwenye oili iliyoganda. Kuna wanaosema washa kwanza taa kubwa ili betri ipate joto. Mi sikubaliani nao, kama betri ni nzima hukuhitaji hiyo, na kama ni dhaifu umeinyang'anya kile kidogo ilichonacho.

Sasa ile ya mwisho, stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Hapa betri iacheni, imefanya kazi yake. Mkinunua betri kwa ugonjwa huu mmetupa hela. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke kirahisi, na kinachowaka kwenye silinda ni mvuke, kwa hiyo injini ya baridi inahitaji mafuta mengi zaidi. Gari za zamani ulivuta choki. Za siku hizi kompyuta inasoma sensa ya joto la maji ya injini, inaona ni baridi, inaongeza mafuta yenyewe. Sasa hiyo sensa ikidanganya, ikasema injini ina joto wakati ina barafu, kompyuta inatoa mafuta kiduchu, injini inazunguka tu. Ni kisensa kidogo, kinapimika, na nimeona watu wanabadilisha pampu na nozeli kabla ya kukigusa.

Ufanye nini ukiwa peke yako? Washa swichi bila kupiga stata, tega sikio nyuma upande wa tangi, kwenye gari nyingi za petroli utasikia pampu inaunguruma zzzz kama sekunde 2 halafu inaacha. Usiposikia chochote anza na fyuzi na rele ya pampu. Ukiisikia, zima, washa tena, fanya hivyo mara mbili tatu ili presha ipande, ndo upige. Ukisikia harufu kali ya petroli umeshaifurika, plagi zimelowa, hapo kanyaga mafuta mpaka chini kabisa ushikilie hivyo hivyo huku unapiga stata, gari nyingi za injekta zikiona hivyo zinakata mafuta na kuacha hewa tu ikaushe silinda, ikianza kushika achia taratibu. Plagi za zamani zilizoliwa zinafanya kazi kwenye joto na kugoma kwenye baridi, kwa hiyo kama hukumbuki mara ya mwisho ulizibadilisha lini, jibu umeshalipata. Na kama kwenye dashbodi kuna taa ya alama ya funguo au kufuli inapepesa, gari haikutambui. Zile za kubonyeza kitufe, betri ndogo ya rimoti nayo inachoka na baridi, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe ubonyeze, nyingi zinawaka.

Tangi lisikae tupu siku za baridi. Nafasi tupu inaweka unyevu, unyevu unakuwa maji, maji yanaganda kwenye mpira wa mafuta.

Wenye dizeli sasa. Dizeli haina plagi za kutoa cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na silinda ikiwa ya baridi hilo joto linaibwa na chuma. Kuipasha silinda joto kwanza ndo kazi ya hita plagi. Washa swichi, ile taa yenye alama ya springi iliyojiviringa itawaka, SUBIRI izime, ndo upige stata. Baridi ikiwa kali zima washa mara mbili kabla ya kupiga. Hita plagi moja ikifa injini itawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe mwingi, zikifa mbili tatu haiwaki kabisa. Zinapimwa moja moja kwa multimita, kazi ya nusu saa.

Lakini dizeli ina ugonjwa wake mwingine ambao nataka muuone kwa macho. Ndani ya dizeli kuna nta, siku za kawaida imeyeyuka huioni. Ikipoa sana inaanza kujitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, halafu yanakuwa kama uji. Niliwahi kufungua filta ya gari iliyozimikia njiani alfajiri, ile karatasi ya filta ilikuwa imepakwa kitu cha njano njano kama mshumaa uliomwagika, ukikwangua kwa kucha kinatoka na kubaki chini ya ukucha. Mafuta tangini yalikuwepo, hayakuwa na pa kupita. Dawa ni joto na filta mpya, ipelekeni gari ndani penye joto, badilisheni filta, wekeni dizeli ya baridi ambayo kwenye nchi zenye baridi kali inauzwa msimu huo, au ile dawa ya kuzuia nta kabla haijaganda, ikishaganda dawa hiyo haisaidii sana. Naomba kwa moyo wangu wote msiwashe moto chini ya tangi. Najua kuna watu wanafanya. Msifanye. Na msichanganye petroli kwenye dizeli za kisasa kama walivyofanya madereva wa zamani, pampu za sasa zinabana mafuta mpaka presha ya bar 2,000 hivi na kinachozilainisha ni dizeli yenyewe, petroli inazikausha zinasagika, na vumbi lake la chuma linaingia kwenye nozeli zote. Ile spirei ya kupuliza kwenye njia ya hewa ya injini ili ishike nayo kwenye dizeli yenye hita plagi inaweza kulipuka kwenye bomba la hewa usoni kwako.

Kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari nyingine, najua mnaijua wote, lakini nakuta inafanywa ovyo. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile nyeusi ya mwisho sio kwenye betri iliyokufa, ni kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya hiyo gari iliyokufa, mbali na betri. Sababu ni gesi. Betri inatoa haidrojeni, cheche ya mwisho ikipigwa juu yake inaweza kulipuka na asidi ikaruka. Acheni gari nzima iungurume dakika kama 5 au 10, ndo mjaribu. Kutoa ni kinyume, cha mwisho kuwekwa ndo cha kwanza kutolewa.

Na kabla ya yote angalieni kama betri imeganda. Iliyojaa haigandi mpaka baridi ipite -50, lakini iliyoisha kabisa inaganda kwenye nyuzi chache tu chini ya 0. Ukiona imevimba ubavuni, imepasuka, au ukichungulia unaona barafu, usiibusti, usiichaji, usiipige stata. Inalipuka. Itoe, ipeleke ndani ikayeyuke taratibu, na mara nyingi ukishayeyusha utakuta sahani zimeharibika ni ya kubadilisha tu.

Mama mmoja anauliza hapa, mbona yeye gari yake haina tatizo lolote lakini akiiacha wiki mbili anakuta imekufa. Mama yangu, gari haizimi yote ukitoa funguo, kuna saa, kengele ya wizi, kompyuta. Ikivuta miliampia 50, na hiyo ni kawaida tu, kwa siku ni ampia-saa 1.2, kwa wiki mbili karibu 17, na betri yako ni ya 60, umeshapoteza zaidi ya robo bila kwenda popote, halafu baridi ichukue nyingine. Na safari fupi fupi za dakika 5 ndo zinamaliza, kila ukiwasha unatoa kingi, oltaneta haijamaliza kurudisha ushafika. Ama uiendeshe mara moja moja safari ya nusu saa na zaidi, ama uweke chaja ndogo ile inayokaa imechomekwa.

Ikishawaka usiikanyage vruum vruum kuipasha joto, oili haijafika juu. Ipe kama nusu dakika, ondoka taratibu, itapata joto njiani haraka kuliko imesimama. Na wenye gereji zenye mlango, nawasihi sana, msiiache gari inaunguruma ndani mlango umefungwa hata dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasikia usingizi tu na hauamki. Fungua mlango, toa gari nje, ndo uiache ipate joto.

Kulanti, ile dawa ya kuzuia maji ya injini yasigande, nitasema kidogo tu maana muda umekwenda. Maji matupu kwenye rejeta yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na chuma cha injini hakitanuki nayo, kinapasuka. Nusu maji nusu kulanti inahimili mpaka karibu -37. Ukishuku yameganda usipige stata kabisa, pampu ya maji imekwama na mkanda utakatika.

Basi, tutoke nje sasa, multimita ninayo na gari zenu zimekaa pale tangu tuanze. Ila mmekuja nazo zikiwa zinachajiwa njia nzima, kwa hiyo namba itadanganya kidogo kwenda juu. Tukifika kila mtu awashe taa kubwa dakika mbili bila kuwasha injini, azime, tusubiri kidogo, ndo nianze kupima. Mama wa wiki mbili, tuanze na yako.